Siku Uliyokataa Kushuka Ndivani

Nakiete,

Salamu sikuandikii. Mtu ninayelala naye nyumba moja simwandikii salamu, na kesho asubuhi utaniamkia kwa mdomo wako mwenyewe. Sasa hivi umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na shangazi yako hamwachii mtu atoke kwake kabla hajala, kwa hiyo nafasi ninayo. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Uisome leo. Usiende kuisomea kwenye gari.

Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wetu alitupiga vidole mpaka herufi zikakaa kwenye mstari. Wewe na kidato chako cha nne unaandika kama kuku aliyepita kwenye majivu.

Mambo ya kula, kuvaa, kwenda kanisani, kutoazima nguo za watu, sitayaandika. Nimekuambia hayo tangu mama yako alipoolewa mara ya pili akakuacha kwangu hujaota meno, na kama hayakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nataka kuandika juu ya Mbonea. Tangu tulipomzika, humu ndani hatumtaji. Tunaongea habari za mbuzi, za mvua, za bei ya tangawizi, yeye tunamruka.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni ile simu ya juzi. Ulikuwa jikoni unamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, ukaiweka simu kwenye spika juu ya kinu. Mimi nilikuwa mlangoni natafuta kandambili yangu. Nikamsikia huyo bosi wako mpya wa Unguja, mwanzo mpaka mwisho. Akasema wageni siku hizi hawana muda, mafunzo ya kuzama ya siku kadhaa yeye anayamaliza kwa siku moja. Akasema yale mazoezi ya kwenye maji mafupi mnayaruka, mtu atajifunzia humo humo baharini. Akasema hata wewe ambaye hujamaliza kozi ya kuongoza watu, atakupa wageni wako wiki ya kwanza tu, cheti kitafuata.

"Tumeelewana, Naki?"

Ukasema, "Sawa, bosi."

Kwanza, Naki ni nani? Jina la mama yangu mzazi limekatwa kama mkia wa mbuzi na wewe unaitika. Pili, sauti ile siijui. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai. Nilitaka kukugombeza pale pale, nikaona sina mdomo wa kugombeza, kwa sababu hiyo "sawa" ni mimi niliyekutia.

Ngoja niandike ilivyokuwa, maana watu wameanza kuisimulia kila mtu kivyake.

Jua lilikuwa limekaa sana. Tangawizi imejikunja majani, maharage yanadondosha maua. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa imejaa usiku kucha, maji mpaka ukingoni. Asubuhi mzee Kiangi, msimamizi wetu wa maji, akaenda kuyafungulia mashamba, hayatoki. Bomba limeziba huko ndani, chini ya maji. Ukoo wa babu yako waliichimba ndiva ile kwa majembe ya mkono, na zamani tundu lake lilizibwa kwa gogo na magome ya mgomba. Hilo bomba na saruji ni mambo ya juzi, na koki ya huku nje ilivunjika, kila mtu akasema itatengenezwa na mwenzake.

Ikapigwa baragumu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wewe umekua kwenye hayo. Baragumu ikilia unatoka na jembe lako, na usipotoka wanakuja kukamata jogoo wako bandani. Kwenye msaragambo mtu hasemi leo sijisikii. Kaya zote zikatoka, na mimi nikakutoa na wewe.

Tena nilikutoa kwa maringo. Wiki ile nzima, tangu uliporudi kutoka Tanga, nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu kwamba mjukuu wangu anatembea chini ya bahari kama wao wanavyotembea mnadani. Basi walipokuona, mmoja akasema, "Mzamiaji kafika, kazi imekwisha." Mzee Kiangi akakwambia, "Haya mama, ingia ututolee huo uchafu, zamu ya maji isitupite."

Wewe hukuingia. Ulikwenda kule chini bomba linakotokea, ukainama, ukatia kiganja, ukarudi umekunja uso.

"Shikamoo, babu. Mimi hapa sishuki. Na asishuke mtu."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Bomba huku nje ni tupu. Uchafu ukitoka kule ndani, maji yote haya yatataka kupita pale kwa mara moja. Mkono wa mtu ukiwa pale utavutwa, na hautatoka. Tuzibe kwanza huku nje kwa magunia ya mchanga, bomba lijae, ndipo tuguse kule."

"Magunia yako wapi?"

"Tukayatafute majumbani."

"Tuyatafute, tuyajaze, tuyabebe, jua limezama. Kesho maji si yetu, ni ya watu wa chini."

Mtu nyuma akasema, "Kumbe huko baharini mnazama na magunia!" Watu wakaanza kucheka. Ukasema tena kwamba mtungi wa hewa huna, na mwenzako wa kuzama naye huna, na peke yako huzami. "Mwenzako wa nini? Unaogopa giza?" Wakacheka zaidi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nitaandika nilichosema bila kukipunguza. Nilisema, "Nakiete! Wazungu wamekufundisha bahari nzima, leo unaogopa bwawa la babu yako? Unaniaibisha mbele za watu. Kama huwezi, nenda kakae na watoto uwafukuzie ndege."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika majembe wasianguke. Na mimi nilifurahi walivyocheka. Nilijiona mlezi hodari.

Mbonea akavua shati. Wewe unamjua alivyokuwa, baba wa watoto wawili na bado mchezo mwingi. Mfereji ukibomoka hakungoja kuitwa. Akakupa simu yake. "Dada, nishikie. Nikiibuka unipige picha, niitupie status." Ukamshika mkono. Nilikuona. Ukamwambia, "Kaka Mbonea, usiende." Akasema, "Humu nimeoga tangu sina meno." Wakamfunga kamba kiunoni, akaingia.

Mara ya kwanza aliibuka na rundo la majani na matope, akamrushia mzee Kiangi miguuni, tukashangilia. Akazama tena. Kisha maji yakatoka mferejini. Yakatoka kwa nguvu, mekundu, na watu wakapiga kelele, "Yametoka! Yametoka!" Wanawake tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga vigelegele, Nakiete. Kamba imekazika kama waya wa uzio, na mimi nashangilia maji.

Ni wewe peke yako uliyekuwa unapiga kelele nyingine. "Zibeni huku nje! Zibeni!" Ukakimbia chini, ukavua khanga yako ukaisokomeza, ukaita mawe, ukaita matope. Tulidhani umerukwa na akili. Tulipoelewa, wanaume wanavuta kamba kwa nguvu zao zote na mtu haji. Maji yale hayafiki paa la banda la mbuzi. Ungesimama ukingoni ungeweza kumgusa kwa mti wa kuangulia maparachichi. Alikuja kuachiwa pale tu bomba lilipozibwa na kujaa, kama ulivyosema asubuhi, na alipoachiwa alikuwa ameshakwenda.

Tangu siku hiyo sisikii kitu. Msibani sikulia, watu wakasema bibi huyu ni mgumu. Si ugumu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaushika, unajua ni wako, lakini hausemi. Ndivyo nilivyo. Ile siku niliyotia chumvi mara mbili kwenye makande, sikujua mpaka ulipoacha kula. Tangawizi ilipona, maji yaliifikia. Naenda shambani naiangalia, nakata majani, narudi. Mtu akinisalimia naitika. Basi.

Lakini hata mtu aliyekufa ganzi anajua alipokosea, na mimi nimekosea mara mbili. La kwanza nimeliandika. La pili ni kule msibani. Ulikuwa unagawa chai, mimi napakua makande, na mtu mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Mwenye ujuzi alikuwepo akakataa, amekufa asiye na ujuzi." Ulisikia. Uliweka birika chini. Uliniangalia mimi. Na mimi nikaendelea kupakua makande kama vile mtu yule amesema mvua itanyesha.

Sasa wiki iliyopita ukaniambia, "Bibi, labda ningeshuka mimi. Ningejua namna." Sikukujibu. Nakujibu hapa. Usirudie tena maneno hayo. Wewe ulisema mkono wa mtu. Hukusema mkono wa Mbonea. Bomba lile lisingeuliza nani amesoma na nani hajasoma. Ungeingia wewe, leo ningekuwa na miwani yako ya maji na yale mapezi yako ya mpira vimening'inia ukutani, na watu wangekuwa wananipa pole na kusema alikuwa binti mtiifu.

Kuna mtu mwingine niliyemkosea, yule mwalimu wako wa kuzama wa Tanga. Unakumbuka ulipokuwa unatandika vitanda pale hotelini, akakubali kukufundisha bure baada ya kazi, kisha akakunyima cheti? Akakunyima tena mara ya pili. Ulinipigia unalia. Mimi nikachukua namba yake kwako nikampigia nimtukane. Nilimwambia anakutaka, ndiyo maana anakuchelewesha. Nilimwambia na mengine ambayo mwanamke wa kanisani hapaswi kuyajua.

Mzee wa watu akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Shikamoo, mama. Umemaliza? Mjukuu wako akivuliwa miwani kule chini bado anakimbilia juu. Akikimbia na pumzi kifuani, mapafu yatapasuka. Siku asipokimbia, nitamsainia, hata iwe kesho, hata iwe mwakani."

Nikamkatia simu. Nilimwona mtu wa kujifanya. Leo nasema yule ndiye mwalimu. Alikupenda kuliko mimi pale ndivani, na hata undugu na wewe hana.

Ngoja nikuchekeshe, kama bado tunacheka. Mimi nilipata kipaimara sijui amri ya saba inaishia wapi. Darasa letu lilikuwa halijafika nusu ya mafundisho, ikaja habari kwamba askofu anapanda milimani mwezi ule ule. Mwinjilisti akatukusanya akasema, "Wanaojua waseme kwa sauti, wasiojua wachezeshe midomo." Nikachezesha mdomo. Nilichezesha vizuri mpaka askofu akanitazama akatikisa kichwa kwa furaha. Nikavaa gauni jeupe, wazazi wangu wakachinja. Hakuna aliyekufa kwa sababu sikujua amri zangu, Mungu ni mvumilivu. Lakini maji, Nakiete, maji hayana uvumilivu huo. Mgeni wako atakayechezesha mdomo kule chini, nani atamtikisia kichwa?

Na hao vijana wa bodaboda wa Ndungu, asubuhi wanafundishwa gia, jioni wamepakia mama mja mzito. Wakianguka wanaangukia mchanga wa barabarani. Wageni wako wataangukia wapi?

Nilikuwa nadharau mchezo wenu huo. Nilikuuliza mnafuata nini huko chini, ukasema mnaangalia samaki. Nikakuuliza mnawavua? Ukasema, "Hatuwagusi, Bibi." Nikasema watu wenye akili zao wanalipa fedha ili waangalie mboga wasiyoila. Ukacheka, halafu ukanieleza mambo yenu taratibu, na mimi nilikuwa nachochea moto sikukupa uso, lakini nilikuwa nasikia. Ulisema kabla ya kuingia kila mtu anamkagua mwenzake, mkanda kwa mkanda, hata kama wamezama pamoja miaka. Ulisema unapanda polepole hata kama unaogopa, hasa kama unaogopa. Ukasema moja nikalicheka sana. Ulisema mtu yeyote, mkubwa au mdogo, anaweza kusema leo sizami, hata akiwa ameshavaa kila kitu, hata akiwa ameshafika chini, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kwa nini wala kumcheka.

Nikasema, "Kazi gani hiyo mtu anakataa bila sababu na hachukuliwi jogoo?"

Sasa ninaifahamu. Nyie mmeiandika hiyo kanuni kwa sababu watu walishakufa kwa kuona haya. Sisi huku hatujaiandika. Mbonea hakuogopa maji, na bomba hakulijua. Lakini sisi wengine wote tulisikia ulichosema. Hakuna mtu mzima pale ambaye hakujiuliza moyoni kama binti huyu anasema kweli. Tuliona haya kuwa wa kwanza kwenda kutafuta gunia. Ni hilo tu. Gunia.

Jana nilikwenda kwa mama yake Mbonea. Sikukuaga. Nilimkuta uani anachambua maharage, mjukuu mdogo amelala kwenye mkeka. Nikakaa. Nikamwambia, "Nakiete alisema kweli siku ile. Mimi ndiye niliyewafanya watu wamcheke. Na msibani nilinyamaza."

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akasema, "Najua. Nilikuwepo. Hata mimi nilicheka."

Sikulia, naye hakulia. Akanisogezea ungo, tukachambua wote mpaka maharage yakaisha. Wakati naondoka akasema, "Mwambie yule mtoto apite aniage. Mbona anazunguka njia ya juu?"

Basi leo ukitoka kwa shangazi yako najua umeshapita njia ya juu. Kesho hutapita huko. Utapita kwake, utamwamkia, na usijieleze. Hakuomba maelezo.

Na Jumapili matangazo yakiisha nitaomba nafasi nisimame. Nitasema kanisani kwamba ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga, na atakayeguna nitamjua kwa sauti. Mzee Kiangi nimeshamwambia magunia yakae tayari yamejazwa pale ndivani mwaka mzima, na koki itengenezwe. Akasema hilo ni la kujadiliwa kwenye mkutano. Nikamwambia ajadiliane na jogoo wangu.

Sasa nirudi kwa huyo bosi. Sikwambii uache kazi, mlango wa Unguja umeupata kwa jasho. Kazoee, jifunze, maliza kozi yako mpaka mwisho kama yule mzee wa Tanga alivyokumalizia ile ya kwanza. Lakini akikupa wageni ambao hawajavuliwa miwani kwenye maji mafupi, utasema hapana. Akisema wenzako wote wanafanya, hapana. Akisema utafukuzwa, rudi. Chumba chako kipo, na mbuzi hawajakusahau. Akikucheka mbele ya wageni, hilo ndilo gumu, nalijua kwa kuwa nililitumia mimi kukupiga. Acheke. Mtu hafi kwa kuchekwa. Nimehakikisha kwa macho yangu anakufa kwa nini.

Shida ni kwamba sijui kama bado unaweza. Nilikulea ukae kimya mkubwa akisema, usome macho yangu kabla sijafungua mdomo. Nikafurahi majirani wakisifu adabu yako. Hapana yako ya kwanza ya utu uzima uliisema pale ndivani, ya kweli kabisa, na mimi nikaikanyaga mbele ya kijiji kizima. Tangu hapo kila kitu kwako ni sawa. Sawa Bibi, sawa shangazi, sawa bosi. Mtu wa namna hiyo atazamisha watu, kisha atazama mwenyewe, kwa upole tu.

Kwa hiyo nakwambia kitakachotokea kesho, usije ukasema sikukuambia. Gari la kushuka Same litakapopiga honi, mimi nitakushika mkono. Najijua. Hata hii ganzi najua itaniachia saa hiyo hiyo, kwa ubaya. Nitakwambia usiende. Nitakwambia nimezeeka, nani atanichotea maji, unaniacha na nani, bahari imeshiba watu, mtoto gani huyu asiye na huruma. Nitasema kwa sauti, mbele ya dereva na abiria, na watu watakutazama wewe kwa ubaya. Nitakuwa nasema kwa nguvu zangu zote, wala sitakuwa naigiza.

Usiniambie sawa, Bibi.

Nitazame usoni, useme hapana. Usieleze sababu, sitakuuliza. Kisha panda gari.

Mimi bibi yako,
niliyekulea.